Taima, sensa ya udongo, utambi au kimtungi: nini kikumwagilie maua ya ndani ukiwa safari

Wadau wa maua habari zenu. Shangazi yangu wa Ujiji alinipigia juzi, baada ya shikamoo na kuulizana hali za watoto akaingia kwenye shida yenyewe, "mwanangu, kila nikienda Kasulu kwa wajukuu nikirudi maua yangu ya sebuleni yamelala yote, nasikia wewe una kidude kinamwagilia chenyewe, ninunulie na mimi." Nikamwambia shangazi ngoja kwanza, vidude viko vingi na kuna kimoja kitakuulia maua haraka kuliko ukame, acha nikae nikuandikie vizuri uchague. Nimeanza kumwandikia yeye ikawa ndefu, basi na wengine someni maana hili swali nimeulizwa mara nyingi.

Mi niko Tabora mjini, Cheyo. Kiangazi cha huku mnakijua, mvua ikishakata mwezi wa tano ndo mpaka wa kumi na moja, na ukifika wa tisa wa kumi hewa inakausha mpaka midomo inapasuka, chungu umekimwagilia ijumaa asubuhi jumapili ukigusa udongo ni vumbi. Kwahiyo mambo ya kumwagilia yenyewe mi sikuyaanza kwa kupenda teknolojia, niliyaanza kwasababu nasafiri na maua mengi niliachiwa na mama.

Kitu nilichokuja kujifunza baada ya kupoteza maua ni hiki, siku ya kwanza zote zinamwagilia vizuri, hata ukinunua ya bei ya chini kabisa utafurahi. Cha kuuliza ni kikiharibika kinaharibikia upande gani, kinakausha au kinazamisha? Maana mmea wa ndani ukikauka siku tatu nne mara nyingi ukiupa maji unarudi, ua la pisi lili (peace lily) hilo linalala kabisa kama limekufa na jioni imesimama, ila mizizi ikikaa kwenye maji inakosa hewa, inaoza, majani yanakuwa ya njano na kulegea, sasa mtu akiona yamelegea anadhani kiu, anaongeza maji. Umeshamaliza. Kwahiyo kila nitakachotaja nitasema kinaharibikia wapi.

Taima nayo nianze nayo kwasababu ndo rahisi kuielewa. Pampu ndogo ya kuzamisha kwenye ndoo, mpira mwembamba, na taima ya kuchomeka ukutani, basi. Haijui chochote kuhusu udongo, inajua saa tu. Shida ya kwanza, zile taima za kuzungusha zenye vijino pembeni, kijino kimoja kwa kawaida ni dakika 15, na hizi pampu ndogo za volti 5 nyingi zimeandikwa lita 80 mpaka 120 kwa saa, piga hesabu, lita 100 kwa saa kwa dakika 15 ni lita 25. Lita 25 unamwagia chungu gani cha sebuleni? Kwahiyo lazima upate taima ya kidijitali inayohesabu sekunde. Shida ya pili umeme ukikatika ile ya kuzungusha inasimama pale pale, ukirudi inaendelea kutoka ilipoishia, baada ya wiki saa 12 asubuhi yake imekuwa saa 4 usiku. Na ya tatu, ukiipanga kwa mwezi wa kumi halafu mvua zikaanza, inaendelea kumwaga kipimo kile kile wakati mmea haunywi tena vile. Inaharibikia upande wa kuzamisha, polepole. Mi siipendi ila kwa mtu ambaye yupo nyumbani na anachosahau ni kumwagilia tu, inafaa.

Sasa sensa, yaani kihisi kinachopima unyevu wa udongo, na hapa ndo nataka mkae vizuri.

Sensa za bei ndogo ziko aina mbili na kwa mbali zinafanana. Ya kwanza ni ile ya miguu miwili kama uma, inakuja na kabodi kadogo kenye kiskrubu cha kurekebisha na chipu ya LM393, ukinunua seti za kujifunzia Arduino (kale kabodi ka kompyuta unakokaandikia programu kasome sensa na kuwasha pampu) utaikuta humo ndani. Inafanya kazi kwa kupitisha umeme kutoka mguu mmoja kwenda wa pili kupitia kwenye udongo, udongo ukiwa na maji unapitisha vizuri, ukiwa mkavu haupitishi. Hii tuiite sensa ya uma. Ya pili ni bapa, mguu mmoja mpana wenye ncha, mara nyingi nyeusi, imeandikwa v1.2, shaba yake iko ndani imefunikwa haigusi udongo, hii inapima jinsi udongo unavyobeba chaji na maji yanabadilisha hiyo kwa kiasi kikubwa. Tuiite sensa bapa. Tofauti ya bei niliyokutana nayo mimi haifiki sahani ya chipsi mayai.

Sensa ya uma ndo iliyoniulia pisi lili ya mama. Nilikuwa nimeiunganisha vizuri, imefanya kazi kama wiki tano bila shida nikaiamini, nikapata safari ya msiba Dar nikaondoka, nimekaa siku tisa. Nimerudi ndoo ya lita 20 haina tone, kapeti limelowa mpaka chini ya kochi, chungu kinanuka. Nikaichomoa sensa, mguu mmoja umeliwa, ile shaba yake imeyeyuka imebaki michirizi. Ndo nikaelewa. Umeme wa upande mmoja ukipita kwenye maji yenye chumvichumvi unaula mguu mmoja kidogo kidogo, na mguu ukishaliwa umeme haupiti, na umeme usipopita kwake yeye hiyo maana yake ni nini? Udongo mkavu! Kwahiyo inaiambia pampu maji, maji, maji, huku chungu kinafurika. Yaani kuharibika kwake ndo kule kule kubaya. Na waya wa huo uma ukichomoka kwa bahati mbaya, mtoto kaukanyaga au paka kapita, inasoma hivyo hivyo, mkavu kabisa. Sijui kama nimeeleweka jinsi gani hili ni kubwa, kifaa ambacho kifo chake cha kawaida kinawasha pampu.

Kuna watu wanaitetea wanasema usiiwashe muda wote, ipe umeme kutoka kwenye pini ya bodi, washa sekunde moja soma zima, subiri saa nzima. Ni kweli inasaidia sana, badala ya wiki inaenda miezi. Ila mwisho wake ni ule ule, umeusogeza tu. Halafu mbolea nayo inaichanganya, ukiweka samadi au mbolea ya dukani chumvi zinapitisha umeme inakuambia kuna maji kumbe ni mbolea, namba uliyopanga juzi leo haina maana. Kwa mtoto wa sekondari anayejifunza mzunguko wa umeme, sawa, anunue. Kwa chungu cha mtu anayesafiri mi nakataa.

Sensa bapa haina cha kuliwa kwasababu shaba haigusi udongo, mbolea inaisumbua kidogo tu. Lakini nayo usiipokee kama ilivyo. Kingo zake, pale bodi ilipokatwa, ziko wazi, na maji yanaingia taratibu humo, bodi ikinyonya maji inaanza kusoma unyevu ambao haupo, maana yake haimwagi, mmea unakauka. Angalau inaharibikia upande ambao unaweza kurudi. Dawa yake ni rangi ya kucha, ile ya kawaida isiyo na rangi, paka kingo zote mara mbili mara tatu acha ikauke usiku mzima. Na zile chipu za juu juu ya ule mstari uliochorwa hazitakiwi kuguswa na maji kabisa, mi nimezifunika na gundi ya moto, wengine wanavalisha ule mpira unaosinyaa ukipata moto. Usiizamishe kupita mstari.

Alafu kuna zilizotengenezwa ovyo. Chipu inayotakiwa kuwepo pale juu ni TLC555, inafanya kazi na umeme mdogo, kuna watengenezaji wanaweka NE555 ambayo inataka kuanzia volti 4.5 na bodi yenyewe inaipa 3.3, ndo utakuta mtu analalamika sensa inasoma namba za ajabu. Soma maandishi ya chipu kwa kamera ya simu ukiivuta karibu, yanaonekana. Nyingine ina tatizo la kuchelewa, ukiitoa kwenye maji namba inachukua dakika nzima au zaidi kurudi, jaribu na glasi kabla hujaichomeka kwenye chungu. Mi niliagiza nne zikaja na basi, moja ilikuwa na hilo nikaitupa pembeni.

Kingine namba zake ni kinyume na unavyotegemea, udongo mkavu namba kubwa, wenye maji namba ndogo. Yangu kwenye Arduino Uno, ambayo inahesabu 0 mpaka 1023, hewani inasoma kama 560 na kwenye glasi ya maji 270. Ukitumia ESP32, bodi nyingine kama Arduino ila yenye wifi, inahesabu mpaka 4095 kwahiyo namba zitakuwa nyingine kabisa usiige za kwangu, na kwenye ESP32 tumia pini za 32 mpaka 39, zile nyingine za analogi wifi ikiwashwa hazisomi. Watu wengi wanaishia hapo, hewani na glasi, wanagawanya asilimia. Mi naona haitoshi. Acha mmea ukauke mpaka pale wewe kwa kidole chako ungesema leo namwagilia, soma namba, iandike. Mwagilia vizuri mpaka maji yatoke chini, subiri saa moja, soma, iandike. Hizo mbili ndo namba za chungu hicho na udongo huo. Maana udongo wetu wa kichanga wa huku na udongo mweusi wa mbuga ni vitu viwili tofauti, kichanga kinaachia maji yote mmea unywe, mfinyanzi unayashika, namba moja kwenye kichanga bado mmea unakunywa na kwenye mfinyanzi mmea una kiu tayari.

Na udongo wa mbuga una hatari yake nyingine, ukikauka unasinyaa unapasuka, ukiachana na sensa ukabaki mwanya wa hewa sensa inasoma hewa. Hewa ni mkavu. Pampu inawaka, maji yanapita kwenye nyufa yanatokea chini, udongo wenyewe haujalowa na sensa bado inasoma hewa. Hapo hata bapa inazamisha. Changanya mchanga na mboji kwenye chungu kwanza ndo uongelee sensa. Na ichomeke wima katikati ya shina na ukingo, isiwe karibu na mpira unapomwagia, ukiiweka pale itasema kumelowa wakati upande wa pili ni jangwa.

Sasa programu. Hii ndo inayotenganisha sensa bapa inayokuokoa na inayokuzamisha, na mi naona kuliko hata aina ya sensa. Usiandike mwaga mpaka namba ishuke, maji yanachukua muda kusambaa, ukisubiri namba ishuke pampu inafanya kazi umeshamwaga lita. Pampu ya lita 100 kwa saa ni karibu mililita 28 kwa sekunde, ikipandisha juu zinapungua. Kwahiyo mwaga sekunde 3, zima, subiri nusu saa, soma tena. Weka na kikomo, kwa siku isizidi mara nne basi hata sensa ikilia vipi. Na hii ya mwisho ndo naipenda, ukimwaga mara mbili namba isisogee hata kidogo basi kuna kitu, ndoo imeisha au mpira umechomoka au sensa imetoka kwenye udongo, isimamishe pampu iwashe taa nyekundu ikae hivyo mpaka urudi. Namba ikiwa kubwa kuliko ya hewani au ndogo kuliko ya glasi pia ikatae, hiyo sio udongo, huo ni waya.

Watu wanauliza sensa moja vyungu vinne inawezekana? Inawezekana kama vyungu vinalingana na mmea ni ule ule. Pisi lili na sneki planti kwenye sensa moja hapana, mmoja atakufa, sneki planti inakaa wiki tatu bila maji na inafurahi.

Kuhusu umeme na maji nipite haraka. Pampu usiichukulie umeme kwenye pini ya bodi, pini inatoa milliampia chache na pampu inataka mia na zaidi, tumia rilei au transista, yaani swichi inayowashwa na bodi, na weka dayodi kwenye pampu izuie umeme unaoruka pampu ikizimwa. Rilei nyingi za bei nafuu zinawaka pini ya bodi ikiwa na volti sifuri, hakikisha bodi ikijiwasha upya baada ya umeme kukatika isizindue pampu. Pawabenki nyingi zinajizima zenyewe zikiona mzigo mdogo, utadhani umeacha umeme kumbe imelala siku ya kwanza, mi natumia chaja ya simu ukutani na betri ya kuchaji ya 18650 pembeni na kabodi kake ka kuchajia. Na ndoo iwe chini sakafuni, maua yawe juu mezani. Ukiweka ndoo juu kuliko chungu, pampu ikizima maji yanaendelea kujivuta yenyewe kwenye mpira mpaka ndoo iishe, na hapo hamna programu itakayokusaidia.

Utambi na kimtungi havina umeme kabisa na watu wanavidharau.

Utambi ni kamba inayotoka kwenye chombo cha maji mpaka ndani ya udongo, maji yanapanda yenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye koroboi. Kamba ya pamba inavuta vizuri ila inaoza, ya nailoni au ile ya fulana za poliesta inadumu. Iloweshe kwanza kabla hujaipanga, kavu haianzi. Wafugaji wa yale maua madogo ya zambarau ambayo asili yake ni milima yetu ya Usambara, yale yanauzwa dunia nzima, wengi wanayanywesha hivi hivi kwa utambi. Ubaya wake hausimami, udongo unakuwa na unyevu muda wote, kwahiyo pisi lili na spaida planti zinafurahi, mshubiri na sneki planti zinaoza. Inaharibikia upande wa kukausha, kamba ikiota ukungu au ikikatika maji hayapandi.

Kimtungi mi ndo kilinishangaza. Unajua mtungi wa maji unavyotoa jasho nje, maji yanapita kwenye vitundu vya udongo uliochomwa. Sasa chukua kikombe au kichungu kidogo cha mfinyanzi ambacho hakijapakwa rangi wala kung'arishwa, kizike kwenye chungu cha maua mdomo ubaki juu, jaza maji, funika na kisahani. Udongo wa nje ukikauka unayavuta maji, ukilowa hauvuti, kinasimama. Yaani ni sensa na pampu kwa pamoja, na chumvi za mbolea hazikidanganyi kwasababu hakipimi umeme, kinafuata mvuto wa udongo wenyewe kama mzizi. Vifaa vya kupimia maji mashambani vyenye ncha ya kauri vinatumia jambo hili hili. Kasoro yake kinabeba maji kidogo na kinataka chungu kikubwa chenye nafasi, na vitundu vinaziba taratibu kwa chokaa, inabidi ukisugue. Kikipasuka kinamwaga maji yake yote kwa mara moja, lakini ni kikombe kimoja hicho, sio ndoo.

Hapo kwenye "sio ndoo" ndo nimebadilisha kila kitu changu. Siku hizi kabla sijasafiri napima chungu kwa mzani wa jikoni, leo na kesho saa ile ile bila kumwagilia, lita moja ya maji ni kilo moja kwahiyo gramu zilizopungua ndo mililita zilizonywewa. Pisi lili yangu mpya mwezi wa tisa inakunywa kama gramu 90 kwa siku. Siku 14 ni 1260. Basi naiwekea dumu la lita moja na nusu, lake peke yake, pampu yake. Sensa ife, rilei igande, bodi ichanganyikiwe, hakuna namna ya kumwaga lita 20 kwenye kapeti kwasababu hazipo. Ingekuwa nilijua hili mapema ile ya mama ingekuwepo mpaka leo.

Kwahiyo ukiwa na mtu wa kukuandikia programu au unaweza mwenyewe, una vyungu viwili vitatu unavyovipenda na unasafiri zaidi ya wiki, chukua sensa bapa, ipake rangi ya kucha, na chombo kidogo. Ukiwa na vyungu kumi vya kila aina usiweke umeme, weka utambi kwa vinavyopenda maji na vingine viache. Ukiwa unakaa nyumbani kidole kinatosha, kizamishe mpaka pingili ya pili.

Shangazi nimempigia jana nikamsomea karibu yote. Akasema, "mwanangu hayo ya namba uyaache huko huko Tabora, mi nitaenda sokoni kutafuta vikombe vya mfinyanzi." Nikamwambia shangazi achague ambavyo havijang'arishwa, ajaze maji kimoja akiache juu ya gazeti usiku, asubuhi gazeti likiwa limelowa hicho ndo chenyewe achukue vinne kama hicho. Mshubiri wake nimemwambia asiuwekee kitu.